SHIHABUDDIN AHMAD BIN MAJID: MWALIMU WA BAHARI NA ELIMU YA KUPIMA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu aliyeziweka nyota ziwe uongofu kwa wasafiri wa bara na bahari. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.



Katika ukurasa huu wa maisha ya watu wenye elimu tumemchagua mtu wa bahari. Sababu yake ni hii: vijana wetu wengi asubuhi wako shuleni na alasiri wako madrasa. Shuleni wanafundishwa majaribio ya sayansi, na humo wanakutana na maneno kama kipimo, kizio, kigeu na kosa la kipimo. Wengi huyakariri kwa ajili ya mtihani tu, wakidhani ni mambo ya watu wa mbali yasiyohusu dini yao wala pwani yao. Sisi tunasema mambo haya yalikuwa yakifanywa katika bahari hii hii inayopiga mawimbi Raskazone, zaidi ya miaka 500 iliyopita, na Mwislamu aliyekuwa akishika tohara ndani ya chombo chake. Tukimjua yeye, maneno yale yatakuwa mepesi kwetu, Inshallah.

KUZALIWA KWAKE NA NASABA YAKE

Jina lake ni Shihabuddin Ahmad bin Majid bin Muhammad, na nisba zake ni As-Saadi An-Najdi. Alizaliwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 15 Miladia, sawa na karne ya 9 Hijria. Mji wake ni Julfar, bandari ya kale katika Ghuba ambayo leo iko Ras al-Khaimah, Falme za Kiarabu. Watu wa Julfar walikuwa mabaharia na wapiga mbizi wa lulu.

Ukoo wake ulikuwa ukoo wa bahari. Babu yake alikuwa mjuzi wa Bahari ya Sham, ile bahari nyembamba baina ya Hijazi na Afrika yenye miamba mingi ya matumbawe. Baba yake akafuata njia hiyo hiyo, akaongeza elimu kwa safari zake, na akatunga shairi refu la beti zaidi ya 1,000 kueleza njia za bahari hiyo. Ahmad alilelewa ndani ya elimu hiyo. Alisoma Qur'ani, lugha ya Kiarabu, mashairi na hesabu, kisha akapanda chomboni.

KAZI YA MWALIMU WA CHOMBO

Hapa inatupasa tueleze jambo ambalo wanafunzi wetu watalipenda. Katika vyombo vya zamani nahodha ndiye aliyekuwa mkubwa wa chombo na mali iliyomo. Lakini mtu aliyejua njia, aliyesoma nyota na kuamua usukani uelekee wapi, aliitwa muallim. Ndilo neno letu mwalimu. Kabla ya kuwa jina la mtu wa ubaoni, lilikuwa pia jina la mtu wa baharini aliyeshika roho za watu mkononi mwake. Ahmad bin Majid alikuwa muallim wa aina hiyo, na watu walimpa lakabu ya Simba wa Bahari.

Wala si neno hilo peke yake. Kazi yake kuu ilikuwa kupima kimo cha nyota juu ya upeo wa macho, na kazi hiyo iliitwa qiyas. Ndilo neno letu kiasi. Muda wa saa tatu za kusafiri uliitwa zam, ndiyo zamu yetu. Majira ya pepo yaliitwa mausim, ndiyo msimu. Maarifa yanayopatikana kwa kufanya na kurudia yaliitwa tajriba, na kutokana na shina hilo tunalo neno jaribu na jaribio. Risasi ya kupimia kina cha maji iliitwa buld, na wazee wetu wa bahari wanaiita bildi. Basi mwanafunzi wa Tanga anaposema kwamba leo tutafanya jaribio na kuchukua vipimo kwa kiasi fulani, ulimi wake unatumia maneno ya mabaharia hawa.

KIDOLE NA ZAMU: VIZIO VYA KUPIMIA

Kila kipimo kina sehemu mbili: namba na kizio. Mtu akisema ameuza mchele tano, hatumwelewi. Tano nini? Vibaba au pishi? Tofauti ni kubwa, kwa sababu pishi moja ni vibaba vinne. Vivyo hivyo pima moja ya kamba si sawa na dhiraa moja, kwani pima ni dhiraa nne, na dhiraa ni shubiri mbili. Namba bila kizio ni maneno matupu.

Kizio cha Ibn Majid mbinguni kilikuwa kidole, kwa Kiarabu isba. Aliigawa duara yote ya mbingu katika vidole 224. Namba hii haikutoka hewani. Manzili za mwezi ni 28, na kila manzili alihesabu vidole 8. 28 mara 8 ni 224. Duara hiyo sisi leo tunaigawa kwa digrii 360, basi kidole kimoja cha Ibn Majid ni kiasi cha digrii 1 na dakika 36. Katika uso wa dunia, mtu akisafiri kaskazini au kusini mpaka kimo cha nyota kibadilike kidole kimoja, amekwenda zaidi ya kilomita 170.

Kila kidole kiligawanywa katika zamu 8. Zamu moja ni takriban kilomita 22, mwendo wa chombo kwa saa tatu upepo ukiwa mzuri. Siku na usiku wake zina zamu 8, kwa hiyo chombo kikienda sawasawa kaskazini au kusini kwa siku nzima, kilitarajiwa kubadilisha kidole kimoja. Lakini upepo haumtii mtu. Kuna siku saa tatu zilipeleka chombo mbali, na kuna siku saa tatu zilipita tanga limelegea. Mwalimu hodari hakuchanganya zamu ya muda na zamu ya masafa. Alijua moja inahesabiwa kwa saa na nyingine inahakikishwa kwa nyota.

Chombo chake cha kupimia kilikuwa kibao kidogo cha mti. Alikishika mbele ya jicho, ukingo wa chini ukigusa upeo wa bahari na ukingo wa juu ukigusa nyota. Vibao vilikuwa vya ukubwa mbalimbali, kila kimoja kwa idadi yake ya vidole. Baadaye mabaharia wa Bahari ya Hindi walijulikana sana kwa kibao chenye uzi wa mafundo, kiitwacho kamal.

YANAYOBADILIKA NA YANAYOSHIKWA PAMOJA

Sasa tufike kwenye kiini cha maelezo yetu. Kimo cha nyota anachokiona mwalimu baharini hubadilika kwa sababu nyingi. Hubadilika chombo kikienda kaskazini au kusini, na hili ndilo alilotaka kulijua. Lakini hubadilika pia kwa saa za usiku, kwani nyota huchomoza, hupanda na hushuka. Hubadilika kwa jinsi mkono ulivyonyooshwa. Kibao kikisogea karibu na jicho hufunika sehemu kubwa zaidi ya anga, na nyota itahesabiwa kuwa chini kuliko ilivyo. Hubadilika chombo kikiyumba, na upeo ukiwa na ukungu. Kila moja ya mambo haya katika lugha ya sayansi huitwa kigeu, wingi wake vigeu, yaani jambo linaloweza kubadilika.

Mtu asiyejua atapima tu, apate namba, aifuate. Ibn Majid hakufanya hivyo. Alitaka kigeu kimoja tu kibadilike, yaani mahali pa chombo, na vingine vyote vishikwe mahali pamoja. Kwa ajili ya mkono, kuna umbali maalumu wa kushika kibao. Kwa ajili ya saa, aliandika nyota hii ipimwe wakati nyota fulani nyingine iko katika hali fulani, ili watu wawili wanaopima katika usiku mbalimbali wawe wamepima katika hali moja. 

Mfano mzuri ni Nyota ya Kaskazini, ambayo Waarabu waliita Al-Jah na wazee wetu wakaita Jaa. Watu wengi hudhani nyota hii haitembei kabisa. Katika zama za Ibn Majid ilikuwa mbali na ncha halisi ya mbingu kwa zaidi ya digrii 3, nayo ilizunguka duara ndogo kila siku. Anayeipima ikiwa juu ya duara hiyo na anayeipima ikiwa chini watatofautiana zaidi ya vidole 4, hali wamesimama bandari moja! Kwa hiyo mabaharia walikuwa na hesabu ya kusahihisha, wakitazama manzili ipi ya mwezi iko juu wakati huo, kisha wakakirekebisha kipimo chao kwa kiasi kinachostahiki.

Tukija huku kwetu mambo yanazidi ugumu. Tanga iko digrii 5 kusini ya mstari wa ikweta, na Nyota ya Kaskazini haionekani kabisa. Kwa mwambao huu Ibn Majid alitumia nyota nyingine: Farqadani, ambazo ni nyota mbili zinazoizunguka ncha ya kaskazini kwa karibu, na Naashi, zile za kundi la Dubu Mkubwa. Kwa kila kundi palihitajika vipimo vyake na sharti zake.

Je, kosa lingeleta madhara gani? Mombasa na Tanga zinatofautiana digrii moja tu kwenda kusini, yaani pungufu ya kidole kimoja. Mwalimu anayetoka Arabuni wakati wa kaskazi, anayeitafuta Mombasa na kukosea kidole kimoja, atajikuta ameshaipita Tanga na hata Pangani. Na sisi wa pwani hii tunajua njiani kuna nini: miamba, mafungu na mikondo. Kosa la kidole kimoja lilikuwa suala la uhai wa watu.

HAKUPOKEA BILA KUJARIBU

Kabla yake walikuwepo mabaharia watatu mashuhuri walioandika juu ya njia za bahari: Muhammad bin Shadhan, Sahl bin Aban na Laith bin Kahlan. Watu wa bahari waliwaheshimu na kuwaita simba watatu. Ibn Majid naye aliwaheshimu, akawataja na akajiita simba wa nne. Lakini hakuficha kasoro aliyoiona: kwa maoni yake walikuwa wakusanyaji wa maneno ya watu kuliko wajaribu, na waliandika juu ya bahari ambazo hawakuzisafiri wenyewe.

Na babu yake na baba yake pia aliwatazama kwa kipimo hicho hicho. Ameeleza kwamba babu alikuwa na elimu yake, baba akaongeza kwa tajriba yake, na yeye akairudia elimu ya wote wawili baharini kwa karibu miaka 40, akiandika na kusahihisha. Tuangalie adabu iliyopo hapa. Kumsahihisha mzee si kumvunjia heshima, ikiwa kumefanywa kwa dalili na si kwa kiburi. Baba aliyemfundisha mwanawe kupima amemruhusu ampime na yeye.

Kurudia kipimo mara nyingi ndiko kunakoonyesha makosa. Makosa ya kupima ni ya namna mbili. Lipo kosa la nasibu: chombo kimeyumba, jicho limepepesa, leo umepata zaidi kidogo na kesho pungufu kidogo. Dawa yake ni kurudia na kuchukua wastani. Na lipo kosa la kudumu: kibao chenyewe kimechongwa kifupi. Hapo hata ukirudia mara 100 utapata namba ile ile, na zote si sahihi. Dawa yake ni kulinganisha na chombo kingine au na bandari ambayo kipimo chake kinajulikana. Mfanyabiashara mwenye pishi pungufu hupata kiasi kile kile kila siku, lakini hajawa mwaminifu kwa sababu hiyo.

VITABU VYAKE

Ibn Majid aliandika kazi takriban 40, nyingi zikiwa mashairi ili mabaharia wazihifadhi kwa moyo, kama wanafunzi wetu wanavyohifadhi mashairi ya elimu ya tajwidi. Mwaka 866 Hijria (1462) alimaliza utenzi wake mrefu uitwao Hawiya, wenye beti zaidi ya 1,000 juu ya misingi ya elimu ya bahari. Mwaka 895 Hijria (karibu 1490) alimaliza Kitabul Fawaid, ambacho ni cha nathari na kina sehemu 12. Humo ameeleza manzili 28 za mwezi, mielekeo 32 ya dira, kupima nyota, misimu ya kusafiri, visiwa vikubwa na Bahari ya Sham.

Kwa sisi watu wa mwambao ipo kazi yake iitwayo Sufaliyya, yaani shairi la Sufala, bandari iliyoko katika Msumbiji ya leo. Ndani yake ameeleza pwani ya Zanji na vipimo vya nyota vya kwenda nazo huko. Mkono wa shairi hili ulihifadhiwa Leningrad, Urusi, na mtaalamu Teodor Shumovsky aliuchapisha mwaka 1957.

Pamoja na elimu hiyo, aliwausia walimu wa bahari wawe na subira, wawe na tohara chomboni na wasiache kumtaja Mola wao, kwani aliye baharini ni mgeni wa Muumba.

TUHUMA ALIYOZULIWA

Jina la Ibn Majid linajulikana Afrika Mashariki kwa jambo moja kuliko elimu yake yote. Watu wengi wamesoma kwamba yeye ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi mpaka India, na hivyo akawafungulia Wareno mlango wa bahari yetu. Wengine wameongeza kwamba aliilewesha akili yake kwa pombe ndipo akatoa siri. Ni tuhuma nzito kwa Mwislamu. Basi tuipime kwa kipimo chake mwenyewe.

Yanayojulikana ni haya. Mwanzoni mwa Aprili 1498 vyombo vya Vasco da Gama vilipita pwani yetu hii ya Tanga. Kimoja kiitwacho São Rafael kilikwama juu ya fungu karibu na Mtangata, ambako leo tunaona magofu ya Tongoni, kusini ya mji wa Tanga. Maji yalipojaa kilielea tena. Wakafika Mombasa, kisha Malindi, na huko mfalme akawapa mwalimu wa bahari. Waliondoka Malindi tarehe 24 Aprili na wakafika pwani ya Calicut tarehe 20 Mei. Katika safari ya kurudi, mwanzoni mwa 1499, chombo kile cha São Rafael walikichoma moto hapo hapo karibu na Mtangata kwa kuwa hawakuwa na watu wa kutosha kukiendesha.

Mwalimu aliyetolewa Malindi alikuwa nani? Waandishi wa Kireno Castanheda na Barros wanasema alikuwa mtu wa Gujarat. Ibn Majid si mtu wa Gujarat, ni mtu wa Julfar. Anayemtaja Ibn Majid ni Qutbuddin An-Nahrawali wa Makka, ambaye aliandika zaidi ya miaka 70 baada ya tukio, na kisa cha ulevi kimo katika habari yake hiyo. Katika karne ya 20 mwanazuoni Mfaransa Gabriel Ferrand, aliyezichapisha kazi za Ibn Majid, aliieneza habari hiyo, na kutoka hapo ikaingia katika vitabu vya shule. Lakini wataalamu waliokuja baada yake, miongoni mwao G. R. Tibbetts aliyetafsiri Kitabul Fawaid kwa Kiingereza mwaka 1971, hawakuikubali. Na katika vitabu vyake vinavyojulikana Ibn Majid hasemi popote kwamba aliifanya kazi hiyo, naye hakuwa mtu wa kuficha safari zake.

Wanafunzi wa elimu ya hadithi wanalijua hili vizuri. Habari hutazamwa nani kaisema, aliishi lini, alikuwepo au hakuwepo, na wengine wamesemaje. Habari ya mtu ni kama kipimo cha nyota: usichukue namba ukaacha sharti zake. Wangapi katika mitaa yetu wameharibiwa heshima zao kwa habari iliyorudiwa mara 100, na ambayo tangu mwanzo ilitoka kwenye kibao kifupi?

KUFA KWAKE

Ibn Majid alifariki mwanzoni mwa karne ya 10 Hijria, baada ya mwaka 1500 Miladia hivi. Baada yake alitokea Sulaiman Al-Mahri wa Hadhramaut, aliyeziendeleza hesabu zake. Na mwaka 1554 amiri wa Kituruki Seydi Ali Reis alipoandika kitabu chake cha bahari alichota sana kutoka kwa wawili hawa. Mwenyezi Mungu amrehemu.

MFANO WA MWANAFUNZI WA MKOA WETU

Mtu asiseme mambo haya ni ya zamani. Mwaka 1963 katika shule ya Magamba, Lushoto, mkoani kwetu Tanga, mwanafunzi Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Wengine walisubiri maziwa yapoe. Yeye akaogopa kukosa nafasi kwenye jokofu, akayaweka yakiwa moto, na yakaganda kabla ya yale yaliyokuwa yamepoa. Alipouliza sababu aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wenzake walimcheka. Osborne hakucheka, alikwenda kupima, na mwaka 1969 walichapisha matokeo kwa pamoja. Dunia nzima inalijua jambo hili kwa jina la Mpemba.

Mjadala wake haujaisha. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza, Henry Burridge na Paul Linden, walionyesha kwamba kipimajoto kikiwekwa juu au chini kwa tofauti ya sentimita moja tu, kinaweza kubadilisha jibu la nani kapoa mwanzo. Mahali pa kipimajoto ni kigeu ambacho ni lazima kishikwe, kama mkono wa mwalimu ulioshika kibao.

MANENO YA KUKUMBUKA

Kwa faida ya wanafunzi wetu tunayafupisha maneno haya, kila moja na mfano wake wa baharini.

1. Jaribio: kufanya jambo kwa mpango ili kupata jibu la swali, na kuweza kulirudia.
2. Kizio: kiasi kilichokubaliwa na watu wote cha kupimia, kama kidole, digrii, mita au kilo.
3. Kigeu huru: kile kinachobadilishwa. Kwa Ibn Majid ni mahali pa chombo, kaskazini au kusini.
4. Kigeu tegemezi: kile kinachopimwa, ambacho hubadilika kwa kufuata kigeu huru. Ni kimo cha nyota.
5. Kigeu kinachodhibitiwa: kile kinachoshikwa kisibadilike. Ni umbali wa kibao na jicho, na hali ya nyota wakati wa kupima.
6. Usahihi: kipimo kuwa karibu na ukweli.
7. Uthabiti: vipimo vilivyorudiwa kuwa karibu karibu. Kipimo kinaweza kuwa na uthabiti bila usahihi, kama tulivyoona kwa kibao kifupi.
8. Kosa la kipimo: tofauti baina ya ulichopata na ukweli, liwe la nasibu au la kudumu.

Na jaribio la kufanya wenyewe ni hili. Simameni hatua 30 kutoka kwenye mnara wa msikiti. Mmoja anyooshe mkono wake sawasawa, afumbe jicho moja, ahesabu mnara unafunikwa na vidole vingapi kutoka chini hadi juu. Arudie mara tatu, achukue wastani. Kisha asogee hatua 60, halafu 90, na kila mara aandike. Umbali ndio kigeu huru, idadi ya vidole ndiyo kigeu tegemezi, na mkono wa mtu yule yule ulionyooshwa vile vile ndio unaodhibitiwa. Mwisho akunje kiwiko apime tena akiwa hapo hapo. Ataona idadi imebadilika, na mnara haukusogea wala kupungua. Hapo atajua kwa nini Ibn Majid alikuwa mkali juu ya sharti za kupima.

MAFUNZO TUNAYOYAPATA

Kwanza, elimu haikubali uvivu: miaka 40 ya kurudia ndiyo iliyomfanya kuwa Simba wa Bahari. Pili, anayetaka kujua sababu ya jambo abadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja, na vingine avishike. Mgonjwa aliyekunywa dawa tatu kwa siku moja na kupona hajui ipi iliyomponya. Tatu, uaminifu wa kipimo ni ibada. Pishi ya dukani, kibaba cha jikoni, kipimo cha maabara na ushahidi juu ya ndugu yako vyote vitaulizwa siku ambayo mizani itawekwa.

Wazazi, msiwakataze watoto kupima na kuuliza. Walimu, mtoto akileta jibu tofauti na la kitabu, mwambieni apime tena mbele yenu kabla ya kumcheka.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa, atulindie vijana wetu na mabaharia wetu, na atujaalie mizani nzito siku ya Kiyama. Amin.

Wabillahi Tawfiq.